Kabla hujauliza bei, geuza chombo chini



Leo sitazungumzia namna ya kuvuta wateja wala namna ya kupanga bidhaa. Nazungumzia plastiki. Najua wapo watakaosema, plastiki nayo ina nini cha kuandikwa? Beseni ni beseni, ndoo ni ndoo. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka mtoto wa watu alipoungua mkono kwa bakuli lililotoka dukani kwangu.

Nina duka dogo la vyombo, kichochoroni nyuma ya Darajani. Nimemaliza kidato cha nne, kemia nilipata D, nikaanza biashara kwa kutandika vyombo chini kwenye turubali. Plastiki sikuisomea popote. Haya nitakayosema nimeyapata kwa hasara, kwa kusoma kwenye simu usiku, na kwa kuwasumbua watu wanaojua kuliko mimi. Kwa hiyo msinichukulie kama mtaalamu. Nichukulieni kama mwenzenu aliyejikwaa akarudi kuwaonyesha jiwe lilipo.

Ilikuwa hivi. Kuna mama anauza urojo mtaani kwetu kila jioni. Alikuja kutaka mabakuli dazeni mbili. Nilikuwa nimeshusha mzigo kutoka Kariakoo, na ndani yake mlikuwa na mabakuli yanang'aa kama kioo. Ukiligonga kwa kucha linalia kabisa, ting. Nilinunua 450, nauza 700. Yale mengine ya rangi ya maziwa, yasiyong'aa, nilinunua 750 nauza 1,000. Nikamwambia, "Mama, chukua haya. Urojo wako utaonekana rangi yake, na bei nafuu." Akanisikiliza. Akachukua yote 24.

Siku ya nne karudi na mfuko. Hakufoka. Akanimwagia mabakuli juu ya kaunta, mengine yana nyufa, mengine yamekatika ukingo. Akaniambia moja lilipasuka mkononi kwa mtoto wa skuli, urojo ukamwagika ukiwa bado wa moto, mkono ukaungua. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulijua kama haya si ya moto?"

Sikuwa na jibu. Nikisema nilijua, mimi ni tapeli. Nikisema sikujua, je, nakaa nyuma ya kaunta nafanya nini?

Nikamrudishia pesa zake zote, 16,800, tukaenda pamoja kumuona yule mtoto. Faida yangu kwenye yale mabakuli ilikuwa 6,000. Hesabu nyingine fanyeni wenyewe.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na ndio ninaotaka kuwashawishi: muuza vyombo anayeuliza bei na rangi tu hajui anachouza. Swali la kwanza ni chombo hiki kimetengenezwa kwa plastiki gani, na la pili ni kinakwenda kufanya kazi gani. Majibu hayo mawili yasipokubaliana, usikinunue, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Plastiki si kitu kimoja

Nitoe mfano wa huku kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe zimeshikiliwa na boriti za mikoko. Fundi wa zamani hakuchukua mgomba akaulaza darini kwa sababu nao ni mti. Alijua mti gani unabeba na mti gani ni wa kufungia vitumbua. Na plastiki ni hivyo hivyo. Jina ni moja, lakini ndani mna koo nyingi, na kila ukoo una tabia zake.

Vyombo vingi tunavyouza vinatengenezwa namna moja. Kiwanda kinanunua plastiki ikiwa chembe ndogo kama mchele. Zinayeyushwa, zinasukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu, yaani umbo la chuma lenye sura ya kile chombo, zinapoa, kalibu inafunguka, kitu kinatoka. Geuza beseni lolote, utaona katikati ya kitako pana kitone kama kitovu. Hapo ndipo plastiki ilipoingilia.

Sasa kalibu ile ile ya bakuli inaweza kulishwa plastiki tofauti. Leo hii, kesho ile. Sura itakuwa moja, ukubwa mmoja, hata rangi wanaweza kuifanya moja. Lakini bakuli moja linastahimili uji unaochemka, na jingine linapasuka. Kwa hiyo kusema "nipe kama yale ya mwezi uliopita" hakutoshi. Unaweza kupewa sura ile ile na plastiki nyingine kabisa.

Nambari ya chini

Ukigeuza chombo, mara nyingi utakuta alama ya pembetatu na nambari ndani yake. Nilizipita miaka miwili nikidhani ni nambari za kalibu. Kumbe ndizo zinazotaja ukoo. Twende moja moja.

1 ni PET. Hizi ni chupa za maji na soda. Nyepesi, inaonyesha ndani, lakini moto haiuwezi. Ukiitia chai ya moto chupa inajikunja.

2 ni HDPE, yaani polithini ngumu. Madumu, ndoo nyingi, kreti za soda na za samaki. Ukiipapasa ina utelezi kama mshumaa. Inastahimili kupigwapigwa.

3 ni PVC. Zaidi utaiona kwenye mabomba ya maji na makoti ya mvua.

4 ni LDPE, polithini laini. Mifuko, na vile vifuniko laini vya makopo.

5 ni PP, polipropilini. Viti, mabeseni, mabakuli ya chakula, vyombo vya kuwekea chakula vyenye vifuniko. Hii ndiyo kazi kubwa ya duka langu.

6 ni PS, polistirini. Vile vigumu vinavyong'aa kama kioo, vijiko vya kutupa, na ikitiwa hewa ndiyo yale maboksi meupe ya chipsi.

7 ni "nyinginezo". Humo mna polikaboneti, ABS, nailoni na michanganyiko. Kwa hiyo 7 si daraja la juu, ni kapu la wasiokuwa na nambari yao.

Yale mabakuli yangu ya kung'aa? Niliyageuza usiku ule. Nambari 6, yote. Ilikuwa imeandikwa muda wote, mimi ndiye sikuisoma.

Tahadhari mbili. Kwanza, nambari hizi zilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kusaidia kuchambua taka. Zinataja aina ya plastiki, hazisemi chombo ni kizuri au ni salama kwa chakula. Alama ya chakula ni nyingine, ile ya glasi na uma. Pili, vyombo vingine havina nambari kabisa, na vingine vimeandikwa uongo. Kwa hiyo lazima ujue kupima mwenyewe.

Vipimo vyangu vya kaunta

Vipimo hivi havihitaji mashine.

Gonga. Polistirini inalia kama kioo. Polipropilini na polithini sauti yake imefifia, kama kugonga ubao uliolowa.

Kunja. Omba sampuli moja ya kuharibu. Polistirini inakatika pau. Polipropilini inakunjika na pale ulipokunja panageuka peupe. Ndiyo maana vifuniko vya kufunua vya chupa za shampuu vinatengenezwa kwa polipropilini, unavifungua na kuvifunga kila siku na havikatiki.

Kwaruza kwa ukucha. Polithini inashika alama haraka. Polipropilini ni ngumu zaidi.

Zamisha. Kata kipande kidogo, kitie ndani ya bakuli la maji baridi, kisukume chini kitoe mapovu, kisha kiachie. Polipropilini na polithini zinaelea. Polistirini, PET, PVC na ABS zinazama. Wanaposema "hii ni PP" halafu kipande kinakwenda chini kama jiwe, ama si PP, ama imejazwa kitu. Nitakuja hapo.

Wapo wanaowasha kiberiti wanusie moshi. Mimi siwashauri. Moshi wa plastiki, hasa PVC, ni sumu, na hakuna faida ya beseni itakayokununulia mapafu mengine.

Maswali matano ya kazi

Ukishajua plastiki, muulize mteja kazi. Mimi nina maswali matano, nimeyaandika kwenye kadi nyuma ya kaunta.

La kwanza: kitaguswa na moto? Polipropilini inayeyuka karibu na nyuzi 160, na maji yanachemka kwa 100, kwa hiyo ina nafasi ya kupumua. Polithini ngumu inayeyuka karibu na 130, lakini inalegea mapema na kupinda, kwa hiyo si ya mchuzi unaotoka jikoni. Polistirini inaanza kulegea kabla haijafika 100. Urojo unaopakuliwa kutoka kwenye sufuria hauko mbali na hapo. Mama lishe, muuza supu, muuza uji: wote hao wape 5.

La pili: kitakaa juani? Hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapoumia. Wengi wanasema chumvi ya bahari inakula plastiki. Si chumvi, ni jua. Polipropilini tupu, isiyotiwa dawa ya kuikinga, jua linaikausha mpaka inakuwa kama biskuti. Kuna dawa ambayo kiwanda kinaichanganya kwenye chembe kabla ya kumimina. Inaongeza gharama, na kwa macho huioni. Ishara utaiona baadaye: rangi inapauka, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Kiti kikifika hapo, kimekufa. Rangi nyeusi inayotokana na masizi inakinga jua vizuri zaidi, ndiyo maana matangi na mabomba mengi ya nje ni meusi.

Wateja wangu wa Paje na Jambiani wanaoweka viti ufukweni nawaambia wazi: kiti cha ukumbini si kiti cha ufukweni, hata kama vimefanana kama mapacha. Wa ufukweni nawaagizia vile ambavyo muuzaji ananiandikia kwenye risiti kuwa vina dawa ya jua. Akikataa kuandika, nimeshapata jibu langu.

La tatu: kitabeba nini, na kwa muda gani? Plastiki inachoka. Rafu inayobeba kilo kumi kwa siku moja bila shida inaweza kulegea na kupinda ukiuacha mzigo ule ule miezi sita, hasa kwenye joto. Nguvu inatoka kwenye umbo, si unene tu. Geuza kiti uangalie mbavu, zile kuta nyembamba chini ya kikalio na nyuma ya miguu. Angalia pia pembeni ya matundu na mashikio utafute mstari mwembamba kama unywele. Plastiki inapoingia ndani ya kalibu inagawanyika kuzunguka tundu kisha inakutana tena, na isipokuwa na moto wa kutosha haishikani vizuri. Chombo kikija kukatika, mara nyingi kinaanzia hapo.

La nne: kitaanguka, au kitaingia kwenye barafu? Polipropilini ya kawaida ikikaa friza inakuwa pau. Ukiiangusha ikiwa imeganda, inapasuka. Polithini ngumu inavumilia baridi vizuri zaidi. Kwa hiyo wauza samaki wa Malindi na Nungwi wanaohitaji kreti za kujazia barafu, na wanaogandisha barafu za ubuyu nyumbani, hawa nawapeleka kwenye 2.

La tano: ndani yake kitawekwa nini? Hili niliambiwa na fundi nikadhani ananitania. Chukua ganda la chungwa, likamulie juu ya kipande cha boksi jeupe la chipsi. Utaona panachimbika mbele ya macho yako. Mafuta yaliyomo kwenye ganda yanayeyusha polistirini. Sasa fikiria bakuli lile la urojo: moto, bajia za mafuta, na ndimu juu yake. Nilikuwa nimechagua adui watatu kwa mpigo. Na nyinyi mnaowauzia watalii mafuta ya karafuu na ya mchaichai, tafadhali wekeni kwenye vichupa vya kioo. Mafuta makali ya aina hiyo hayana urafiki na plastiki nyingi.

"Zito ndiyo imara"

Hii imani tuiache. Mteja anakuja, anainua viti viwili, anachagua kizito. Na mimi nilikuwa nafanya hivyo Kariakoo.

Plastiki inauzwa kwa kilo. Unga wa chokaa ni rahisi kuliko polipropilini, na ni mzito zaidi. Kiwanda kikichanganya kidogo hakuna ubaya, kinaongeza ugumu. Kikizidisha, unapata kiti kizito, kigumu, na pau. Mtu mzima akikaa na kuegemea nyuma, mguu unakatika bila kupinda kwanza. Kile kizuri kinayumba kidogo na kurudi. Kwa hiyo jaribu kiti kwa kukiegemea, usikipime kwa mkono. Na kumbuka kipimo cha maji: chokaa ikizidi sana, polipropilini inazama.

Kiti hichi cha plastiki cha kipande kimoja si cha jana. Mfaransa Henry Massonnet alitoa chake mwaka 1972, na leo hakuna harusi, hitma wala baraza ya kahawa isiyo nacho. Kimeenea dunia nzima kwa sababu ni chepesi, kinapangwa kimoja juu ya kingine, na mvua haikiharibu. Uzito haukuwa sifa yake hata siku moja.

Iliyoyeyushwa tena

Wapo wanaoiogopa plastiki iliyorudishwa kiwandani ikayeyushwa mara ya pili. Mimi siiogopi, naiweka mahali pake. Vyungu vya maua, makarai ya zege, ndoo za kudekia, vizuri kabisa. Mara nyingi utaitambua kwa rangi za giza, madoadoa, na harufu ukiinusia ndani. Ila kwenye chakula siitaki, kwa sababu sijui dumu lile kabla ya kuyeyushwa lilibeba mafuta ya kupikia au dawa ya wadudu.

Hebu tukumbuke pia tunaishi kisiwani. Zanzibar tulianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Lakini kiti kinachokatika baada ya miezi minne nacho ni taka, tena kubwa kuliko mifuko mia. Hakiyeyuki, hakiozi, na Unguja hii haiongezeki ukubwa. Chombo cha kudumu miaka mitano ndiyo usafi wa mazingira ambao muuza duka anaweza kuufanya bila semina.

Nikiwa Kariakoo

Mara ya kwanza kumuuliza muuzaji wa jumla, "Kaka, haya ni PP au PS?" alicheka. Akaniambia, "Dada, wewe unauza au unasoma?" Nikamjibu vyote viwili, bosi wangu. Aliona natania. Nikatoa bakuli kwenye fungu, nikaligonga, nikaligeuza, nikaomba kulivunja moja kwa pesa yangu. Akanyamaza. Safari ya tatu alikuwa ananiambia mwenyewe, "Hizo zisikushughulishe, ni sita."

Mtu anakuuzia kwa kiwango cha maswali yako. Usipouliza, anakupa kinachomsumbua kwenye stoo.

Na tuache kusema "za China mbaya, za Dar nzuri" au kinyume chake. Ni uvivu wa kufikiri. China inatoka mabakuli ya daraja zote, na viwanda vyetu vya bara vivyo hivyo. Nchi haipasuki, kinachopasuka ni plastiki iliyopewa kazi isiyo yake.

Mtaniambia mteja anataka rahisi

Hili ndilo jibu ninalolisikia kila nikieleza haya kwa wenzangu wa Darajani. "Mteja hajali, anataka bei." Sikatai, mteja anaangalia bei kwanza. Lakini mteja haoni nambari, hajui jua wala chokaa. Anaona bei kwa sababu ndicho kitu pekee tulichomwonyesha.

Sasa mimi naweka bakuli mbili mbele yake. "Hili 700, la vitu vikavu, karanga, pipi, mapambo. Hili 1,000, la chakula cha moto. Unataka la nini?" Maneno hayo yanachukua nusu dakika. Wengi wanachukua la 1,000. Wasioweza wanachukua la 700 wakijua wanachonunua. Faida kwangu ni ile ile, mia mbili na hamsini kwa kila bakuli. Sijapoteza kitu kwa kusema kweli.

Polistirini sikuifukuza dukani, mnaona. Ni nzuri kwa vijisanduku vya hereni, henga, na trei za maonyesho. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeipeleka jikoni.

Na ukiuziwa mzigo wenye kasoro, usimwambukize mwenzako kwa kuushusha bei na kuusukuma shamba, ukisema watu wa shamba hawatajua. Wana mikono ya kuungua kama ya mjini.

Kwa ufupi, ukitoka hapa fanya haya matatu. Leo jioni geuza vyombo vyako vyote na utenge nambari 6 mbali na vyombo vya chakula cha moto. Safari ijayo ya mzigo, nunua sampuli moja ya kila aina uiharibu kabla ya kulipia dazeni. Na ukishajua bidhaa yako ni ya kazi gani, andika kwenye karatasi ubandike hapo hapo kwenye fungu, ili hata ukimwacha mdogo wako dukani asimwambie mteja uongo bila kujua.

Yule mama wa urojo bado ni mteja wangu, alhamdulillahi. Ana mabakuli ya rangi ya maziwa, mwaka wa pili huu. Kila akija dukani, kabla hajasalimia vizuri, anachukua chombo na kukigeuza chini. Mara ya kwanza niliona haya. Sasa nafurahi, maana nikisahau mimi, yeye hasahau.

Wenzangu mnaouza vyombo, nyinyi mmewahi kurudishiwa nini, na kilikuwa nambari gani? Tuambiane, ili hasara ya mmoja iwe somo la wengi.